Unahamia Majuu: Baiskeli Uisafirishe, Uiuze au Umwachie Mtu?

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, tulipanga kila kitu mapema: visa, tiketi, sweta za baridi, hata unga wa wimbi. Baiskeli ndiyo tuliyoisahau. Siku nne kabla ya safari ilikuwa bado imeegemea ukuta wa sebule hapa Kisumu, cheni imetiwa mafuta, na hakuna aliyekuwa ameamua itakwenda wapi. Jumatano jioni ikachukuliwa na kijana mmoja kwa nusu ya thamani yake. Alijua tuna haraka, na mwenye haraka hana bei.

Tangu hapo nimesaidia jamaa na marafiki kadhaa wanaohama, wengine kuuza, wengine kupakia. Nimeona kwamba watu wengi huanza na swali la nauli ya mzigo, na hilo si swali la kwanza. Anza na haya, na uanze miezi mitatu kabla ya kuondoka.

Hatua ya kwanza: ijue baiskeli yako ni ipi

Igeuze juu chini, matairi yaelekee angani, uitazame kama mnunuzi. Chini ya fremu, pale pedali zinapoungana na mwili, pana namba iliyogongwa kwenye chuma. Isugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka isomeke, ipige picha, kisha uiandike mahali. Utaihitaji forodhani, kwenye mapatano ya mauzo, na polisi iwapo itaibwa.

Sasa tambua aina. Baiskeli nyingi za huku kwetu zinaingia katika makundi manne.

Kuna Black Mamba, ile ya breki za vyuma na magurudumu ya inchi 28, iliyobeba abiria wa bodaboda tangu Busia na Malaba kabla pikipiki hazijatwaa kazi. Kuna Buffalo, ambazo huunganishwa papa hapa Kisumu, na keria yake hubeba kilo 100. Hizi mbili ziuze au uziache nyumbani. Ni nzito kiasi kwamba zikishaingia kwenye boksi zinapita kwa urahisi kilo 23, kikomo cha begi kwenye mashirika mengi ya ndege. Tena thamani yake iko hapa: kila fundi kuanzia Ahero hadi Mumias anazijua na vipuri vyake vinapatikana. Ughaibuni utazunguka mji mzima ukitafuta kibao cha breki ya Mamba.

Kuna mtumba, baiskeli za gia zilizoletwa kwa kontena kutoka Ulaya au Japani. Nyingi ni nzuri. Lakini ukiipeleka Uingereza au Uholanzi, unairudisha mahali ambako zake zimejaa na zinauzwa kwa bei ya chini. Hesabu yake mara nyingi inakataa.

Kundi la nne ni dogo: baiskeli za mashindano au za milimani zenye fremu nyepesi na vipuri vya bei, zile unazoziona alfajiri zikipanda kilima cha Riat au zikielekea Maseno kwenye mstari wa Ikweta. Hapa ndipo swali la kusafirisha linapokuwa na uzito.

Baiskeli ya umeme nayo ina sheria yake. Zidisha volti kwa ampea-saa za betri. Volti 36 na ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Kwenye ndege za abiria, betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 haipandi, iwe mkononi au kwenye mzigo, na kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege litoe idhini. Betri nyingi za baiskeli zinapita kiwango hicho mbali sana. Usipoteze muda. Iuze hapa pamoja na betri na chaja yake.

Hatua ya pili: piga hesabu moja tu

Watu hulinganisha gharama ya kusafirisha na bei ya baiskeli. Hilo linapotosha. Tafuta namba tatu.

Ya kwanza: ukiiuza hapa leo utapata ngapi kweli? Angalia bei ambayo watu wanalipa. Bei zinazotangazwa mtandaoni ni matumaini ya wauzaji. Ya pili: huko unakokwenda, baiskeli iliyotumika inayofanana na hii ni pesa ngapi? Ingia kwenye mitandao ya mauziano ya mji ule ule utakaokaa, kwa sababu bei ya London si ya mji mdogo. Ya tatu: kuifikisha hadi mlangoni kwako itagharimu ngapi kwa jumla, pamoja na boksi, fundi, basi la Nairobi, ndege, na teksi kubwa ya kutoka uwanjani?

Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti hiyo ndiyo hasara utakayopata ukiuza hapa na kununua kule. Gharama ya kusafirisha ikiwa chini ya tofauti hiyo, safirisha. Ikiwa juu, uza.

Tuchukue mfano. Tuseme una mtumba wa gia utakaouzwa shilingi 12,000 hapa, na unaofanana nao kule ni sawa na 15,000. Tofauti ni 3,000. Hakuna njia ya kuvusha baiskeli bahari kwa shilingi 3,000, kwa hiyo huo umeuzwa tayari. Sasa tuseme una baiskeli ya mashindano ambayo hapa Kisumu, kwa uchache wa wanunuzi, haitapita 60,000, na kule ya aina hiyo ni 130,000. Tofauti ni 70,000. Hata ukitumia 25,000 kuifikisha, bado umeokoa 45,000.

Na mapenzi je? Yahesabu pia, lakini yape bei. Rafiki yangu mmoja aliipeleka baiskeli iliyomgharimu 9,000 zaidi ya thamani yake, kwa kuwa ni baba yake aliyemnunulia alipomaliza kidato cha nne. Alijua analipa 9,000 na analipia nini. Sikumkataza.

Hatua ya tatu: boksi hupimwa kwa nafasi, si kwa kilo

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boksi la kawaida la baiskeli ni kama sentimita 140 kwa 80 kwa 25. Kampuni za mizigo ya ndege huzidisha vipimo hivyo, zikapata 280,000, kisha hugawanya kwa 6,000. Jibu ni karibu kilo 47. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawanya kwa 5,000, na jibu linakuwa kilo 56. Baiskeli yako ina kilo 13, boksi lina tatu, na bado utalipia 47 au 56, kwa sababu kati ya uzito halisi na huo wa nafasi hutozwa ulio mkubwa. Ndiyo maana mtu anapiga simu akiwa na matumaini, anatajiwa bei, anakata simu.

Kwa meli, boksi hilo ni mita za ujazo 0.28. Mizigo ya kuchangia kontena kwa kawaida hutozwa kuanzia mita 1 nzima, kwa hiyo utalipia hewa ya karibu robo tatu. Kisha kuna malipo ya bandari na wakala kule mzigo unakoshukia, ambayo anayekutajia nauli ya Mombasa hatayataja usipomuuliza. Meli ina maana kwa familia inayohamisha vyombo vya nyumba. Baiskeli inapata kona yake kati ya godoro na makabati. Ikiwa mtakuwa na kreti ya mbao, mbao hizo lazima ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto, na kugongwa muhuri wenye picha ya suke la ngano. Bila muhuri huo mzigo unaweza kuzuiwa. Boksi la karatasi halina shida hiyo.

Njia inayowafaa wengi ni kusafiri nayo kama begi lako. Mashirika mengi ya ndege huchukua baiskeli iliyopakiwa vizuri yenye kilo zisizozidi 23. Mengine huihesabu kuwa moja ya mabegi unayoruhusiwa, mengine hutoza ada ya vifaa vya michezo. Basi kabla ya kununua tiketi uliza mambo haya kwa barua pepe, upate jibu la maandishi: Je, baiskeli inahesabiwa ndani ya mabegi yangu? Ukubwa wa mwisho wa boksi ni upi, urefu ukijumlishwa na upana na kimo? Nitoe taarifa siku ngapi kabla? Jibu hilo lichapishe uende nalo uwanjani. Mhudumu wa kaunta asiyejua sheria ya baiskeli atakusikiliza ukiwa na karatasi.

Ukiondokea Kisumu, kuna jambo la pili. Ndege za Kisumu kwenda Nairobi nyingine ni ndogo, na boksi la sentimita 140 linaweza kuachwa nyuma hata kama umelilipia. Pia ukinunua tiketi mbili tofauti, ya ndani na ya nje, utalipia mzigo mara mbili. Ninachoshauri ni ama tiketi moja tangu Kisumu hadi mwisho, baada ya kuthibitisha kuwa boksi linaingia, ama kulituma boksi kwa basi siku mbili kabla na kulipokea Nairobi mwenyewe. Waliopo Nakuru wana nafuu: kilomita kama 160 hadi Nairobi, matatu ya kukodi na ndugu wa kuwasindikiza.

Hatua ya nne: sheria na barabara za huko

Forodha kwanza. Uingereza humsamehe ushuru mtu anayehamia huko kwa vitu alivyovimiliki na kuvitumia kwa angalau miezi 6, mradi ameishi nje ya Uingereza miezi 12 mfululizo. Ombi hutumwa kabla ya kuhama, na vitu hivyo havifai kuuzwa au kuazimwa ndani ya miezi 12 tangu viingie. Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu unaokaribiana sana na huo. Kwa hiyo usinunue baiskeli mpya mwezi mmoja kabla ya safari ukidhani umepata ujanja. Kanada hutaka orodha ya mali yako ukifika mara ya kwanza, yenye thamani na namba za vifaa, pamoja na vile vitakavyofuata baadaye. Risiti ya zamani, hata ile ya kuandikwa kwa mkono, na picha zako ukiwa juu ya baiskeli hiyo miaka iliyopita ni ushahidi mzuri.

Anayekwenda Australia au New Zealand asome hapa mara mbili. Wakaguzi wao wanatafuta udongo na mbegu. Baiskeli iliyopita nyanda za Kano, hapa karibu na Kisumu, wakati wa mvua ina ule udongo mweusi unaonata, na haujifichi kwenye matairi tu: uko ndani ya kiatu cha breki, chini ya kiti, kati ya meno ya gia. Ioshe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, uikaushe juani, kisha uioshe tena.

Barabarani, ukumbuke kwamba Ujerumani hudai taa ya mbele na nyuma, kengele, breki mbili zinazojitegemea, na viakisi hata kwenye pedali na magurudumu. Uingereza hudai uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma giza likiingia. Pia breki: huku kwetu, kwa desturi ya Kiingereza, mkono wa kulia mara nyingi hushika breki ya mbele. Ujerumani na Marekani ni kinyume. Ukiazima baiskeli kule na kuifinya kwa mazoea ya hapa, unaweza kurushwa juu ya usukani. Mwambie hivyo mtoto wako pia.

Hatua ya tano: ukiamua kuuza

Chagua wakati. Januari mfuko wa kila mzazi uko kwenye karo. Kuelekea Desemba wazazi hutafuta zawadi. Ukiwa na miezi mitatu, unaweza kukataa bei mbaya mara mbili au tatu, na hiyo ndiyo nguvu yako yote.

Mnunuzi wa Mamba au Buffalo utampata kupitia fundi wa mtaani kwako, ukimwahidi kamisheni, au soko la Kibuye siku ya Jumapili linapofurika. Mnunuzi wa baiskeli ya mashindano hayuko Kibuye. Mtafute kwenye makundi ya waendesha baiskeli ya Eldoret, Iten na Nairobi, na usishangae ikikubidi kuituma kwa basi. Ya milimani iliyo imara inaweza kumfaa mtu wa Naivasha, kwa sababu Hell's Gate ni mbuga ambayo wageni huingia kwa baiskeli, na kuna wanaozikodisha langoni.

Usitumie pesa nyingi kuirekebisha. Osha, paka mafuta cheni, nyosha spoki zilizolegea, badilisha mpira wa breki ulioisha. Tairi mpya hazikurudishii pesa yake.

Akitaka kuijaribu, ajaribie ndani ya ua uliofungwa lango. Nje ya hapo, hela kwanza. Na malipo ya M-Pesa yathibitishe kwenye simu yako mwenyewe kwa kuangalia salio. Ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake si malipo, na ujumbe unaokujia kutoka namba ya kawaida badala ya MPESA ni wa uongo. Kwa kuwa aliyetuma pesa anaweza kuomba irudishwe akidai alikosea namba, andikeni mapatano papo hapo: majina mawili, namba za vitambulisho, namba ya fremu, kiasi, msimbo wa muamala, tarehe, sahihi. Nakala mbili. Karatasi hiyo itakulinda pia baiskeli ikikutwa siku moja kwenye uhalifu wakati wewe uko maelfu ya kilomita.

Mkubaliane pia juu ya siku ya kuichukua. Mdogo wangu angeweza kupokea malipo ya kwanza mapema na kuendelea kuiendesha hadi wiki ya mwisho. Wanunuzi wengi hukubali.

Njia ya tatu, kumwachia mtu, ni njema ikiwa mtu huyo ataiendesha. Baiskeli iliyoachwa chini ya paa la jiko kijijini “mpaka nirudi” huoza matairi, cheni ikashikana kwa kutu. Mpe binti wa shangazi anayetembea kilomita sita kwenda shule, na umwambie wazi: ni yako sasa. Ukirudi utanunua nyingine.

Hatua ya sita: ukiamua kuipakia

Boksi omba dukani wanakouza baiskeli mpya. Wengi hulitoa bure au kwa hela ya chai ukiwahi kabla halijachanwa. Kwa kinga sihitaji vitu vya bei: mabaki ya sponji za godoro na mpira wa maji wa zamani uliopasuliwa kwa urefu, uvalishwe mabomba ya fremu.

Pedali ndizo zenye ukaidi. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na nimemwona kijana akining'inia juu ya spana akiikaza badala ya kuilegeza. Kanuni ni rahisi: spana ikiwa imesimama wima juu ya pedali, isukume kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Zikigoma, tia mafuta jioni, uje asubuhi. Mzee mmoja fundi wa Kondele huvalisha bomba la chuma kwenye mkono wa spana, anasukuma taratibu, na unasikia “tak!” moja kavu, hapo imeachia.

Kisha toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale sambamba na fremu, shusha kiti, punguza upepo wa matairi bila kuumaliza, ili rimu isigonge. Fungua gia ya nyuma, uifunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Kile kichuma kinachoishika ndicho hupinda kwanza boksi likiangushwa upande. Kwenye breki za diski weka kipande cha karatasi ngumu kati ya vibao, la sivyo mtu akifinya breki zitajifunga na hazitaachia.

Na kati ya miguu ya uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu la mbele, kaza kipande cha mbao kilichokatwa kwa upana ule ule. Nilikisahau mara moja. Baiskeli ya binamu yangu ilifika miguu ya uma imebanwa, gurudumu haliingii, na matengenezo yakala karibu tofauti yote tuliyokuwa tumeokoa.

Skrubu zote zitie kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu. Pima boksi kwa mizani kabla ya kufunga. Piga picha kila upande, wazi na lililofungwa.

Hatua ya saba: ukifika

Usitoke eneo la mizigo kabla ya kulitazama boksi. Likiwa limechanika au lina kona iliyobonyea, fungua hapo hapo na uandikishe kwenye kaunta ya mizigo, upewe namba ya ripoti. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika lazima yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Baada ya hapo haki yako imekwisha. Kikomo cha fidia, tangu 28 Desemba 2024, ni vizio 1,519 vya haki maalumu za fedha (SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa), yaani kama dola 2,000. Baiskeli yako ikizidi hapo, tamka thamani yake kabla ya kuondoka na ulipie ada yake, au uikatie bima.

Nyumbani, kaza usukani ukiwa umesimama mbele yake, gurudumu la mbele umelibana kati ya magoti, uone kama unazunguka peke yake. Ukizunguka, bado. Rudisha pedali kwa vidole kwanza, kila moja upande wake, kabla ya kushika spana. Finya breki zote mbili ukiwa chini, kisha uende mwendo wa kutembea barabara ya ndani, ukizoea upande wa magari, kabla ya kuingia njia kubwa.

Siku hiyo hiyo, kabla ya giza, nunua kufuli nzito.